Filamu ya Mama Yake Jolana

Shoga zangu, tangu nirudi Tanga mmenikalisha mara tatu mkiuliza Johannesburg kulikuwaje, na mara zote nimewajibu, "Salama, baridi tu," kisha nikageuza mazungumzo. Sikuwa nawaficha. Kila nikitaka kuanza nauona uso wa bibi mmoja mzee, na sauti inakwama. Kuandika naona nitaweza.

Kwa ambaye hajui kilichonipeleka: mimi hupiga video za harusi, hilo mnalijua. Kaka yangu Bakari alikuwa na spaza Soweto, yaani duka dogo la mtaani, kwa miaka mingi. Siku moja watu wa mtaa ule ule walilivunja, wakabeba kila kilichomo, wakamvunja na mkono. Alirudi nyumbani akiwa hasemi. Mwaka uliofuata akaanza kusema kidogo kidogo, nami nikawasha kamera. Ikatoka filamu ya dakika tisa. Mama Furaha, msusi wa Kikongo anayeishi Yeoville, rafiki ya Bakari, aliiona kwenye simu akanipigia. Yeye na wenzake walikuwa wanakusanya watu waliopiga filamu za ndugu zao, ndugu wa aina ile inayosemwa vibaya na kila mtu, ili wanaosema wakae chini wasikilize.

"Kuja nayo weye mwenyewe," aliniambia. "Batu batakuwa na maulizo."

Dar es Salaam mpaka Lusaka

Basi liliondoka Dar alfajiri, na siku ya pili, saa nne asubuhi, likatufia Mpika, ndani ya Zambia. Giaboksi. Dereva alisema tungoje saa moja. Tulingoja tisa.

Jirani yangu wa kiti alikuwa Bi Mutinta, Mzambia anayeuza vitenge, ambaye Kiswahili chake alikiokota Tunduma. Alichukua kanga yangu bila kuniomba, akaitandika kando ya barabara, akatoa mihogo ya kuchemsha, karanga na dagaa wa kukaanga, akanilisha kama mtu aliyetoka kuugua. Nikampa mfuko wangu wa visheti aonje. Akadhani nimetoa sadaka, akasimama akaugawa kwa basi zima, na watu wakawa wananishukuru kwa mbali. Nilibakiwa na kisheti kimoja.

Aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia, aliacha kutafuna.

"Ukiwa ndani ya taksi kule, simu ikiita, usipokee. Ukipokea, usiongee Kiswahili. Mdogo wangu aliongea Kibemba, mara moja tu, akashushwa."

"Akashushwa akafanywa nini?"

"Alishushwa," alisema, akaendelea kumenya karanga.

Sikumwuliza tena. Neno lile nilienda nalo mpaka Lusaka, na Lusaka nilipokula nshima, ugali wao, na kisamvu chao bado nilikuwa nalo.

Beitbridge

Mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini tulifika adhuhuri, foleni imejikunja kama utumbo. Ofisa mmoja wa mizigo akataka kujua kuna nini ndani ya kompyuta niliyoifunga kwa kanga. Nikasema kuna filamu. Filamu ya nani? Ya kaka yangu. Nani kaitengeneza?

Sasa, kwa Kiingereza kupiga picha na kupiga risasi hutumia neno moja, nami, kwa kujiamini kote, nilimwambia kwamba kaka yangu nilimpiga mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Tanga, dakika tisa.

Alimwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Nikaona namna pekee ya kujiokoa ni kuifungua kompyuta juu ya meza yao. Wakasimama watatu wakatazama, wakisoma maandishi ya Kiingereza chini, foleni nyuma yangu inanung'unika, mtoto wa mtu analia. Hawakuruka hata dakika. Bakari alipofika pale anaposema aliwatambua waliokuwa wanabeba friji kwa sababu kila mmoja alikuwa na jina lake katika daftari lake la kukopesha watu anaowaamini, ofisa wa kwanza akavua kofia, akaishika.

"Dada yangu anaishi Soweto," alisema filamu ilipokwisha. Alifunga kompyuta mwenyewe, akaifunga na kanga, akanirudishia kwa mikono miwili. Sijui alitaka kuniambia nini. Nilipita.

Yeoville

Mama Furaha alinipokea kituoni, mwanamke mpana, mchangamfu, anayetembea katikati ya watu kama anapita sebuleni kwake. "Dada Zuhura, ulifika muzuri? Kuja. Leo tutakula bukari."

Nilisimama palepale. Nilisikia tutakula Bakari.

Nikajiambia ni uchovu. Tukapita robot mbili, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, tukaingia saluni yake, iliyobanwa kati ya duka la simu na fundi cherehani. Akanipa soda, akashika kichwa cha mteja, na huku anasuka akaanza kunihadithia siku ile ya Bakari.

"Balimupika, dada. Kwanza balimupika kwa mateke, kisha balimupika na chuma. Balimupika mpaka mukono inavunjika. Miye ndiye nilimufunga."

Nikaweka soda chini. Kaka yangu alipikwa? Na chuma? Na huyu mama anataka tumle? Mteja aliyekuwa anasukwa, Mtanzania wa Kariakoo, aliniona uso wangu kwenye kioo akapasuka kwa kicheko. Lubumbashi, akanieleza, ugali ni bukari, na kupiga ni kupika.

Tulicheka mpaka Mama Furaha akaachia rasta na kukaa chini. Kisha akafuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Lakini ni vilevile," alisema. "Balimupika."

Jioni tulikula ugali wake kwa sombe, kisamvu cha kwao, na nilikula sana.

Kensington

Wageni wa mbali tulikuwa wawili, na tulipangiwa nyumba ya Bibi Vilma huko Kensington, mjane wa miaka karibu themanini anayepangisha vyumba. Mzaliwa wa Slovakia, alikuja Afrika Kusini na mumewe akiwa bado kijana. Mwenzangu wa chumba aliitwa Jolana, wa miaka arobaini hivi, naye katoka Slovakia hiyohiyo, na filamu ya mama yake. Nikasema moyoni, wamekutana watu wa nyumbani, mimi nitakuwa mpweke.

Ikawa kinyume. Bibi Vilma alinipenda mimi. Aliposikia kwamba mimi ni Mwislamu alipika supu ya kabichi upya, katika sufuria ambayo aliniapia haijawahi kuguswa na nguruwe. Alinikatia keki, akaniuliza habari za mama yangu, akaniletea blanketi la pili. Kwa Jolana alikuwa anaweka sahani mezani na kuondoka bila kumtazama. Sikusikia wakizungumza lugha yao hata siku moja. Nilidhani wana ugomvi wa siasa za kwao.

Siku ya pili, alasiri, nilikuwa namsaidia kufuta vyombo.

"Kamera yako unaiweka wapi?" aliniuliza.

"Mezani, chumbani."

"Usiiache mezani."

"Kuna nini, Bibi?"

"Hakuna kilichopotea. Bado." Alishusha sauti. "Yule mwenzako. Mimi nimekua karibu na watu hao, nawajua." Akawataja kwa jina la kuwatukania, kisha akajirekebisha: Waroma.

Nikamwuliza Waroma ni nani, na kwani Jolana si mzungu kama yeye. Akacheka, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki. Akaniambia ni kabila lililotapakaa Ulaya, watu wasio na kwao, hawasomi, wanaiba, wanazaa. Alisema kwa upole, huku ananifungashia keki.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hiki ndicho kilichonizibia mdomo muda wote huu. Nilikwenda chumbani. Jolana alikuwa anaoga. Nikachukua kamera pale mezani, nikaitia kwenye begi, nikafunga zipu na kufuli, nikalisukuma begi uvunguni mpaka ukutani. Nilifanya haraka haraka, kama kazi niliyoizoea. Nilipoinuka, Jolana alikuwa mlangoni na taulo kichwani, anaitazama meza tupu.

"Amekwambia," alisema.

"Napangapanga tu vitu."

"Kwetu kila mtu hupangapanga," alisema, akapita kwenda kuvaa.

Nilikaa kitandani. Katika ile filamu, Bakari anasema walianza kwa kushika mifuko anapopita. Watu aliowauzia mkate miaka yote, neno la mtu mmoja likawatosha. Nimelihariri sentensi kwa sentensi jambo lile, nimelisikia labda mara mia. Na mimi lilinitosha neno moja na kipande cha keki.

Soweto

Filamu zilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa shule ya watoto wadogo, mtaa wa pili kutoka pale lilipokuwa duka la Bakari. Mama Furaha alibandika mablanketi madirishani. Watu walikuja, kama hamsini, wengine kwa filamu, wengine kwa magwinya, maandazi yao makubwa, yaliyokuwa yanakaangwa nje.

Filamu ya Bakari ilitangulia. Ilipokwisha, mwanamume mmoja mwenye jezi ya mpira akasimama.

"Huyu si ndiye alikuwa anauza vyakula vilivyokwisha muda?"

Mama Furaha alinitafsiria, kisha akamwuliza kwa Kizulu, "Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Weye ulikula ukaugua?"

Mwanamume akafikiri. "Mimi nilikuwa nanunua mkate kwake kila siku," alisema. "Sikuugua."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Kisha akabaki amesimama peke yake, kicheko kimemwisha, hajui mikono aiweke wapi, akakaa. Hakuna mwingine aliyeuliza kitu. Nilitegemea kelele, matusi, hata machozi. Ukimya ule ulinitisha zaidi.

Ikafuata filamu ya Jolana. Mwanamke wa makamo anapiga deki ngazi ndefu za shule, ndoo kando yake, na huku nje theluji. Ukumbi ukaamka. Ajuza aliyekaa mbele yangu akasema kwa sauti, "Kumbe wazungu nao wana wazungu wa kuwafagilia?" Yule mwanamke akaacha deki, akaanza kusema, maandishi ya Kiingereza yakipita chini, kwamba shule ile anayoisafisha ndiyo waliyomkatalia akiwa na miaka sita. Hapo umeme ukakatika.

"Eish," ukumbi mzima ukasema pamoja. Ulikuwa mgao, na ungerudi baada ya saa mbili. Watu wakatoka kula magwinya, wakatawanyika.

Kensington, jioni ile

Mama Furaha ndiye aliyekataa yaishe hivyo. Kompyuta ya Jolana ilikuwa bado na chaji, na njiani kurudi aliendelea kusema, "Ule mama balimukatalia kwa nini? Miye silali bila kujua." Tukaketi watatu sebuleni kwa Bibi Vilma. Jolana hakutaka, lakini alibonyeza.

Mama yake anaeleza kwamba bibi yake alimpeleka shule amevaa viatu vya binamu. Mwalimu akamwonyesha kadi za picha, akamwuliza kila kitu kinaitwaje. Alivijua vyote kwa lugha ya nyumbani, Kiroma. Kislovakia hakuwa nacho. Wakaandika kwamba hana akili, wakampeleka shule ya watoto wasioweza kufundishika, na huko alikaa miaka minane akishona vitambaa vya kufutia vumbi.

"Ya kwanza ilikuwa jogoo," mama anasema kwenye filamu. "Ya pili." Anatazama juu, anajaribu kukumbuka. "Ya pili ilikuwa."

"Ndoo," ilisema sauti nyuma yetu.

Bibi Vilma alikuwa amesimama na sinia la chai. Sijui tangu lini.

"Jogoo, ndoo, mwavuli," alisema. "Ya nne ni saa ya ukutani."

Jolana aliisimamisha filamu. Alimwuliza kwa Kiingereza, nadhani alitaka tusikie. "Umejuaje?"

"Nilikuwa mwalimu. Miaka miwili, kabla ya kuja huku."

"Mama yangu hakusoma kwako. Ulikuwa mji mwingine."

"Kadi zilikuwa zilezile."

"Watoto walikuwa wanakujibu?"

"Walijibu. Kwa lugha yao."

"Na wewe lugha yao ulikuwa hujui."

Hilo Jolana hakuliuliza, alilisema tu, kama anamfungulia bibi mlango atokee. Bibi Vilma angeweza kunyamaza.

"Kidogo," alisema. "Walikuwa majirani zetu. Ndoo nilijua wanaiitaje."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika, hakujibu."

"Yesu," Mama Furaha alisema polepole.

"Watoto wangapi?" Jolana aliuliza.

"Sikuhesabu."

Aliweka sinia chini, si mezani, chini kwenye zulia, akatoka. Tukasikia maji yanafunguliwa jikoni na kuachwa yakimwagika. Nilijua kwamba watu hudharauliana, sikwenda Johannesburg kujifunza hilo. Sikujua kwamba mtu anaweza kulielewa jibu la mtoto na kuandika kwamba hakulisikia, kisha akaishi mpaka uzeeni anapika supu nzuri.

Asubuhi alikuja mezani amevaa gauni la kanisani. Alimwomba Jolana ampelekee mama yake ujumbe.

"Siwezi kukubebea," Jolana alimjibu. "Sema mwenyewe."

Akaweka kiti karibu na dirisha, akaandaa kamera yake, lakini mkono ulikuwa unamcheza, picha yote inaruka. Akanigeukia. "Zuhura, lete kamera yako. Piga wewe."

Akanifuata chumbani, nikapiga magoti mbele yake, nikalivuta begi kutoka uvunguni, nikafungua kufuli. Alinitazama mwanzo hadi mwisho.

Bibi Vilma alizungumza kama dakika ishirini, kwa Kislovakia. Sikuelewa hata neno. Nimepiga mabibi harusi wanaolia na baba wakwe wanaojikaza, nikadhani najua uso unavyofanya kazi, lakini ule nilikuwa siwezi kuusoma. Haukuwa unaomba. Ulikuwa kama wa mtu anayesoma orodha. Mwishoni Jolana alimwuliza swali moja fupi. Bibi akajibu neno moja, akavua miwani.

Baadaye, tukisubiri basi langu kituoni, Jolana aliniambia kwamba alimtaka aseme ndoo kwa Kiroma. Alilisema sawasawa, hata lafudhi.

"Kamera niliificha," nilimwambia. "Sikuwa napangapanga."

"Najua. Na mimi siku ya kwanza Yeoville nilitembea nimekumbatia mkoba. Niliambiwa mambo yenu kabla sijapanda ndege." Hakutabasamu. Alinishika kiganja, akakishikilia mpaka wakaita abiria.

Nyumbani

Kurudi hatukuharibikiwa. Nilikaa dirishani siku nne.

Wiki mbili zilizopita Jolana aliniandikia. Mama yake alitazama mpaka katikati, akasema izimwe, akaenda kulisha kuku, akarudi akataka iwashwe tena. Hakusema kwamba amesamehe, wala kwamba hajasamehe. Alisema walimu wa kadi zile wengine bado wako hai palepale mjini kwao, anawaona sokoni, na Jolana awapelekee nyumba kwa nyumba waone mwenzao alivyokaa. Jolana ameanza. Wa kwanza alimfungia mlango. Wa pili alimkaribisha.

Juzi nilimwonyesha Bakari. Alikuwa anakula, akaacha.

"Huyu bibi anasema nini?"

Nikamwambia yote niliyoambiwa. Akataka nirudie tangu mwanzo, akatazama dakika zote ishirini za lugha asiyoijua, mkono wake mbovu umelala mezani.

"Huyu angalau alikaa akasema," alisema ilipokwisha. "Wa kwangu hajasema hata mmoja." Kisha akaniuliza, "Filamu yangu mliionyesha mtaa ule ule?"

"Mtaa wa pili."

"Mara nyingine ipelekwe mtaa ule ule, na mimi niwepo."

Anangoja jibu langu. Kila asubuhi ananiuliza kama nimeshazungumza na Mama Furaha, nami kila asubuhi namwambia simu haipatikani. Mama Furaha amenipigia mara nne.